Auto-Tune si ya kila koo
Wandugu, nyimbo mingi za studio zetu za nyumbani hapa Bukavu zinaharibiwa na Auto-Tune iliyowekwa kasi sifuri. Sauti haiteleze tena toka noti moja mpaka ingine, inaruka. Kwa rapu, sawa. Lakini kwa mwimbaji wa kwaya, ule mteremko njo wimbo wenyewe!

Mimi nachagua ReaEQ na ReaComp: za bure, hazilemei kompyuta ya zamani. Nakata chini ya Hz 80 (kwa besi nashuka kidogo), mngurumo wa jenereta unapungua, kisha kompresa inainua maneno yaliyomezwa. TDR Nova, bure pia, inatuliza ukali wa “s” pale tu unapotokea. Sasa plagini za wizi, zenye virusi, mnazipakua za nini?