Malipo Baada ya Mafanikio

Uyole, pale barabara ya Tukuyu na Kyela inapochepuka kutoka barabara kuu ya Dar es Salaam na Tunduma, nguzo za umeme zina maandishi. Mganga kutoka Sumbawanga. Nguvu za kiume, kisukari, mvuto wa biashara, kusafisha nyota, kumrudisha mpenzi, kesi za mirathi. Malipo baada ya mafanikio. Chini yake namba ya simu. Niko mwaka wa pili wa shahada ya uzamili katika fasihi, na sijawahi kusikia darasani mtu akilihakiki andiko hili. Tunacheka, tunalipiga picha, tunasema watu wetu bado wako gizani.

Nataka kulisoma kama tunavyosoma maandiko mengine. Lina viungo vitatu. Cha kwanza ni umbali: mganga hatoki hapa, anatoka mahali ambako msomaji hawezi kwenda kuuliza habari zake. Cha pili ni orodha: magonjwa na mikosi hupangwa pamoja, hivi kwamba ni vigumu kwa mtu yeyote kupita bila kukuta lake. Cha tatu ni ushuhuda: wengi wamepona, piga simu nawe upone. Ukivitazama viungo hivi vitatu, utaona kwamba habari za jadi ni chache sana humo. Mganga wa kijijini hakuwa na haja ya nguzo. Alijulikana kwa waliomfahamu baba yake, na aliposhindwa walijua pia. Wahenga wetu walimshuku hata mwenye bidhaa anayejinadi: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Mtindo huu niliukuta kwingine, katika Uingereza iliyokuja kututawala baadaye. Mwaka 1909 chama cha madaktari wa huko kilichapisha kitabu kiitwacho Secret Remedies, kilichopima dawa zilizouzwa kwa siri ya mtengenezaji. Vidonge vya Beecham, ambavyo tangazo lake lilidai kisanduku kimoja kina thamani ya gini nzima, vilikutwa na shubiri, tangawizi na sabuni. Orodha ya maradhi vilivyodaiwa kuponya ilikuwa ndefu kuliko ya nguzo yoyote ya Uyole.

Dawa inayonivutia zaidi ni Bile Beans. Charles Fulford aliitangaza kuwa imegunduliwa na mwanasayansi aitwaye Charles Forde kutokana na mitishamba ya wenyeji wa asili wa Australia. Kampuni yake ilipomshtaki muuza dawa mmoja wa Edinburgh kwa kutumia jina hilo, mahakama ilichimba hadithi yenyewe. Mwanasayansi huyo hakuwapo, na ugunduzi haukuwapo. Mwaka 1905 jaji alikataa kuilinda biashara aliyoiona imejengwa juu ya ulaghai, na rufaa ya 1906 ilishindwa. Hata hivyo vidonge viliendelea kuuzwa kwa miongo mingi, na mjini York tangazo lake bado limechorwa ukutani, likitunzwa kama kumbukumbu ya mji.

Kwa hiyo Mwingereza naye aliuziwa mganga kutoka mbali. Kwake Sumbawanga ilikuwa Australia. Wakati mwingine ilikuwa Afrika: Charles Stevens, aliyekwenda Afrika Kusini mwaka 1897 akiugua kifua, alirudi na dawa ya mizizi aliyosema amepewa na mganga wa Basutoland, Lesotho ya leo, akaiuza kama tiba ya kifua kikuu. Madaktari walimwita tapeli. Aliwashtaki, na mwaka 1914 akashindwa. Miaka ya 1970 mmea wenyewe ulitambuliwa, na leo dawa yake inauzwa Ujerumani kwa kikohozi cha mkamba. Mzizi ulikuwa na kazi yake. Kilichodanganya ni tangazo lililoupa kazi ya kuponya kifua kikuu.

Tofauti hiyo ndiyo tuliyonyimwa na sheria za mkoloni. Uingereza ilipiga marufuku matangazo ya tiba ya magonjwa ya zinaa mwaka 1917 na ya saratani mwaka 1939, na mwaka 1941 ikawalazimisha wauzaji kutaja kilichomo ndani ya dawa. Tanganyika ilipata Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928, iliyompa ofisa wa serikali mamlaka hata ya kumhamisha mtu anayeshukiwa. Kule swali lilikuwa: ndani ya kidonge kuna nini? Huku lilikuwa: ndani ya kichwa cha mwenyeji kuna nini? Nadhani bado tunauliza swali la huku. Tukiona kibao tunachunguza akili ya anayepiga simu. Ni nadra kudai kujua kilichomo kwenye chupa.

Hili si suala la darasani tu. Jirani yetu mmoja hapa Uyole, mama wa makamo mwenye kisukari, aliacha vidonge vyake kwa ajili ya chupa aliyouziwa stendi. Kilichomshawishi ni sauti ya mwanamke kwenye simu akieleza jinsi alivyopona. Miezi minne baadaye alikatwa mguu. Waliokuja kumjulia hali walimsema kwa ushirikina. Hakuna aliyesema kwamba alidanganywa na mtu mwenye ujuzi wa kazi yake.

Mwishoni mwa 2015 Wizara ya Afya ilisimamisha matangazo ya tiba asili kwenye vyombo vya habari. Uamuzi ulikuwa na sababu nzuri, lakini nguzo hazina mhariri, na simu hazina pia. Namna ya kusoma inaweza kufika pale marufuku isipofika. Mtu aliyefundishwa kuuliza huyu anatoka wapi na nani anamjua, kwa nini dawa moja inatibu kisukari na mirathi pamoja, na aliyepona anaishi mtaa gani, ana kinga kidogo. Maswali hayo ni ya mhakiki wa kawaida kabisa.

Lakini uhakiki wa haki unapaswa pia kukiri pale andiko linapofaulu. Sentensi bora ya kibao kile ni malipo baada ya mafanikio. Hospitalini unalipia kadi kabla hujaonwa, kisha vipimo, kisha dawa, na kupona ni juu yako. Aliyeandika sentensi ile anamfahamu mgonjwa. Anajua mgonjwa ana aibu, hana pesa leo, na amechoka kusubiri kwenye benchi. Ni uongo, maana pesa ya "vifaa" huombwa kabla ya lolote. Ila ni uongo uliotungwa na mtu aliyesikiliza, na sisi tunaowacheka waliouamini bado hatujaandika ukweli unaowajali kiasi hicho.