Kicheko cha Hadhira katika Upokezi wa Filamu ya Kutisha: Nsyuka Ikitazamwa Kutoka Songwe

Hukumu inayotolewa mara kwa mara dhidi ya filamu za kutisha za Kitanzania zilizotengenezwa kwa gharama ndogo ni kwamba hazitishi. Mtazamaji hucheka pale alipotarajiwa kupiga yowe: huyacheka meno ya bandia, damu ya rangi na mzimu unaotoweka kwa kukatwa tu kwa picha. Ni rahisi kukichukulia kicheko hicho kuwa ushahidi wa kushindwa kwa filamu. Sehemu hii inaupinga mtazamo huo kwa kurejelea Nsyuka, filamu ya video ya Mussa Banzi iliyotoka mwanzoni mwa miaka ya 2000.

Jina lenyewe lastahili kuangaliwa kwanza. Linahusiana na kitenzi cha Kinyakyusa syuka, yaani kufufuka. Abasyuka ni wafu wa ukoo, ambao Monica Wilson aliwajadili kwa kina katika vitabu vyake vya 1957 na 1959 kuhusu miviga ya Wanyakyusa. Kwa mtazamaji wa Dar es Salaam asiyeijua lugha hiyo, neno hili ni sauti ngeni, na ugeni wake ni sehemu ya kitisho. Kwa mtazamaji wa Ileje, ambako Kindali kinakaribiana sana na Kinyakyusa, au wa Tunduma, mji wa mpakani unaowakutanisha Wanyamwanga, Wanyiha, Wanyakyusa na wafanyabiashara kutoka Nakonde, jina hilo lina wenyewe. Kwa istilahi ya Hans Robert Jauss, watazamaji hawa wana upeo tofauti wa matarajio. Anayemjua nsyuka kama marehemu mwenye madai kwa walio hai, anayekumbukwa na kutulizwa, huletewa jitu la kuogofya. Kicheko chake kinaweza kusomwa kama masahihisho. (Pengine si haki kumdai mwongozaji wa filamu uaminifu wa kiethnografia, jina lenye mvuto huazimwa popote.)

Aidha, kicheko ni sehemu ya adabu ya utambaji. Hadhira ya ngano haikuwahi kudai zimwi linaloaminika kwa macho. Fanani alikwaruza sauti, nayo hadhira ikaitikia, ikacheka, na bado ikaogopa kutoka nje. Mabanda ya video yaliurithi uhusiano huo, hasa kupitia wasimulizi kama Derek Mukandala, maarufu kwa jina la Lufufu, waliozitafsiri filamu za kigeni kwa kuzisimulia upya pamoja na utani na nyongeza zao. Hadhira iliyolelewa hivyo hujibizana na filamu.

Udhaifu mkubwa wa filamu za utanzu huu uko kwingine, nao haujapewa uzito unaostahili. Katika nyingi kati yake, mteja hupelekwa kwa mganga, akaoneshwa mbaya wake ndani ya kioo au chombo cha maji. Chombo hicho huwa skrini ndani ya skrini, na msuko huthibitisha kwamba kilichoonekana ni kweli. Kwa hiyo filamu hukitenda kwa picha kile ambacho Sheria ya Uchawi, iliyotungwa tangu 1928, inakikataza: kumtaja mtu kuwa mchawi. Katika eneo hili, jambo hilo halibaki kuwa suala la ujumi pekee. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Mbozi ikiwa bado wilaya ya Mkoa wa Mbeya kabla ya Songwe kuwa mkoa mnamo 2016, sehemu hizi zilitikiswa na mauaji ya watu waliochunwa ngozi, yaliyohusishwa na imani za kishirikina. Nsyuka ilitoka katika miaka hiyohiyo.

Mhakiki anayehesabu kasoro za vipodozi hulipita onesho la kioo bila neno, kwa kuwa kiufundi halina dosari: maji yametulia, taa inatosha, na uso unaojitokeza, usio na meno ya bandia wala rangi yoyote, ni wa shangazi.