Baraza Mbili za Ng'ambo

Kitabu cha Garth Myers, Verandahs of Power, kilichotoka mwaka 2003, kinachunguza namna wakoloni walivyojaribu kuiunda upya miji ya Afrika, Ng'ambo ya Unguja ikiwamo. Sifa yake kubwa ni kwamba, ili kueleza wakaazi wanavyojenga na kuishi, mtafiti ameshika maneno matatu ya wenyewe: uwezo, imani na desturi. Kwayo twaelewa kwa nini michoro ya Waingereza ilikwama. Karatasi ilinyoosha njia. Nyumba ya udongo na makuti ikafuata mfuko wa mwenyewe, msikiti wake na jirani yake. Baada ya Mapinduzi ya 1964 mchoraji alibadilika, jicho halikubadilika: majumba ya Michenzani, kazi ya wataalamu wa Ujerumani ya Mashariki, nayo yalipangwa kutoka juu.

Kasoro naiona kwenye baraza yenyewe. Baraza ya mtawala ni ya kutazama walio chini. Baraza ya Ng'ambo ni ya kukaa, kupokea mgeni na kufumbiana mafumbo. Myers amewasikiliza wenyeji, lakini uti wa kitabu chake ni ofisa Eric Dutton, kwa kuwa ofisa huacha majalada. Baraza ya pili iliacha nyimbo. Siti binti Saad, aliyeanza kurekodiwa mwaka 1928, aliishi Ng'ambo hiyo hiyo na kuziimba dhuluma zake. Atakayeandika historia ya mtaa bila kuyafumbua mafumbo hayo atatupa ramani yenye njia zote, isiyo na mpita njia.