Kuhani wa mvua na nyanja isiyo yake

Mliokuwa mmeizunguka meza yetu hapa Makutupora mliona yaliyotokea kwenye kivuko cha mto wa mchanga, kwa hiyo sitayasimulia upya yote. Nasema mapema tu kwamba pambano lile lilipotea tangu daraja la tatu, siku mwenzetu alipomchukulia kuhani wake wa mvua nyanja ya Uhai. Nyanja ya Tufani ilikuwapo. Mwendesha mchezo alikuwa ameshatangaza kwamba nyanja za kitabu cha wachezaji cha Dungeons & Dragons cha 2014 zinaruhusiwa, na kitabu chenyewe kilikuwa mezani, kurasa zimefunguliwa.

Hoja yake tuliisikia: mvua huleta uhai, basi kuhani wa mvua ni wa Uhai. Masikioni inapendeza. Kwenye dadu haisimami. Nyanja ya Uhai ni ya mungu anayefunga majeraha, anayekesha na mgonjwa, ambaye hekalu lake lina vitanda. Dua zake nyingi zinatazama mwili ulioumia. Hakuna hata moja inayotazama angani. Kuhani aliyepewa jina la mwombaji mvua, mwenye mawe ya mvua kiunoni, alifika kivukoni wakati mwendesha mchezo amekwisha kutuambia kwamba wingu limefunga na radi zinapiga, naye hakuwa na neno lolote la kuliambia wingu lile.

Turudi kwenye zamu yenyewe, kwa sababu ndiyo iliyonifanya niandike. Watu-fisi wanne walikuwa wamebanana majini, bega kwa bega. Wenzetu watatu walikuwa chini ya nusu ya pointi zao. Kuhani, daraja la tano, akapitisha nguvu ya mungu wake kwa njia ya Uhai: mara tano ya daraja lake, yaani pointi 25, akazigawa kwa watatu. Kwa kanuni hiyo hakuna anayepandishwa zaidi ya nusu ya pointi zake kamili, kwa hiyo hata bahati nzuri isingeongeza kitu. Mzunguko uliofuata watu-fisi wakapanda ukingo na karibu pointi zote zile zikaondoka. Zamu nzima ya kuhani ilinunua mzunguko mmoja tu.

Sasa weka Tufani mahali pale pale. Daraja la tano, kuhani wa Tufani ana dua ya Kuita Radi bila kulazimika kuiandaa asubuhi. Radi ile hupiga kwa dadu tatu za pande 10, na kukiwa na tufani tayari nje huongezwa dadu ya nne. Hapo ndipo nguvu ya mungu wake inapoingia, maana nyanja hii inamruhusu asirushe dadu hizo kabisa, achukue alama ya juu ya kila moja. Nne mara 10 ni 40. Wote wanne walikuwa ndani ya futi tano za pale radi ingeangukia. Mtu-fisi wa kawaida katika kitabu cha viumbe cha 2014 ana pointi 22. Anayeshindwa kujikinga amekufa. Anayefaulu anapokea nusu, 20, na anabaki na pointi mbili, akiwa majini, mbele ya mpiganaji wetu aliyekwisha kunoa upanga. Na dua ile haiishi kwa pigo moja: akiishikilia, kuhani anaweza kuita radi nyingine kila zamu hadi dakika kumi.

Kuna anayeuliza: wale watatu wangeponywa na nani? Jeraha ambalo adui aliyekufa hakulipiga halihitaji mponyaji. Tena kuhani wa nyanja yoyote anaweza kuandaa dua ya kuponya. Uhai unaiongezea pointi mbili na daraja la dua, basi. Kwa dua ya daraja la kwanza hiyo ni nyongeza ya pointi tatu. Ndizo alizozipata, akaiacha radi.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba kosa hili limefanyika Makutupora, mahali ambapo mvua inaonekana wazi inavyofanya kazi. Visima vinavyonywesha jiji la Dodoma viko hapa. Kina cha maji ya chini ya bonde hili kimekuwa kikipimwa tangu 1955, na watafiti waliochapisha kumbukumbu hizo mwaka 2013 walionyesha jambo ambalo kila mwombaji mvua wa kubuni anapaswa kulibeba: maji ya chini hayajazwi kidogo kidogo na manyunyu ya kila mwaka. Yanashuka miaka na miaka, kisha msimu mmoja wa mvua kali mno unakuja na kuyainua. Ongezeko kubwa kuliko yote lilikuja na El Nino ya 1997 na 1998. Mvua ya kawaida ya Dodoma, milimita 500 na ushee kwa mwaka, sehemu kubwa hupotelea hewani na kwenye majani. Anayejaza kisima ni gharika, yule yule anayebomoa ukuta wa tembe na kung'oa daraja.

Kwa hiyo mungu wa mvua wa nchi hii si mpole. Anakaa kimya muda mrefu, kisha anapiga kwa nguvu zote kwa mara moja. Nikisoma kanuni ya Tufani ya kuchukua alama ya juu ya kila dadu, mara chache tu kwa siku, naliona bonde letu limeandikwa mle. Peter Rigby, katika kitabu chake cha 1969 juu ya Wagogo, alimweleza mtemi kuwa kiongozi wa ibada aliyeshika mawe ya mvua kwa ajili ya eneo lake. Mtu wa namna hiyo hakuitwa aje kufunga vidonda. Aliitwa mawingu yanapokataa. Na katika nchi iliyopitia njaa ya Mtunya, 1917 hadi 1920, vita vilipochukua chakula na ng'ombe na ukame ukamalizia, kuitwa huko hakukuwa jambo dogo.

Lawama haiishii kwa mwenzetu, na wasomaji wangu wanajua ninapoelekea. Kitabu cha wachezaji cha Dungeons & Dragons cha 2014 kilikuwa na nyanja saba: Elimu, Uhai, Nuru, Maumbile, Tufani, Ujanja na Vita. Kile cha 2024 kilibakiza nne: Uhai, Nuru, Ujanja na Vita. Angalieni zilizotupwa. Maumbile na Tufani, mbili pekee ambazo mkulima wa Ugogo angezitambua bila kuelezwa. Kwenye Maumbile mlikuwa na dua ya Kukuza Mimea, ambayo ikiombwa kwa saa nane huifanya ardhi yote ndani ya nusu maili itoe mavuno maradufu mwaka mzima. Nani asiyeitaka dua hiyo kwenye mashamba ya zabibu ya hapa? Mchezaji anayeanza na kitabu kipya hazioni hizo, anaona Uhai, anachukua Uhai. Mwenzetu alionyeshwa, ni kweli, lakini macho yalikuwa yameshazoea orodha fupi.

Tena kitabu hicho kimeusogeza uchaguzi wa nyanja kutoka daraja la kwanza hadi la tatu. Nimelipinga hili tangu lilipotangazwa na sijabadilika. Kuhani anayetembea madaraja mawili bila nyanja ni mtu aliyevaa joho bila kujua anamwomba nani, na akifika la tatu anachagua kwa kuangalia pengo la kundi. Ndivyo ilivyokuwa kwetu: kundi halikuwa na mponyaji, kuhani akawa mponyaji.

Wazee wa mchezo huu walikuwa na mikono mipana zaidi. Toleo la pili, 1989, lilizigawa dua za makuhani katika makundi, na moja lilikuwa la Hali ya Hewa, kwa jina lake. Toleo la tatu, 2000, lilimpa kila kuhani nyanja mbili kutoka orodha ya zaidi ya ishirini. Mwenzetu angechukua Uponyaji na Maji, au Mimea na Anga, ambayo mbele ya safari humpa dua ya kutawala hali ya hewa yenyewe. Asingelazimika kumkata mungu wake vipande. Toleo lile lilikuwa na matatizo yake, ila kwa makuhani halijapata mrithi. Na hata wazee hao walitusahau: Deities & Demigods ya 1980 ilibeba Wagiriki, Wafini, Wajapani, Wasumeri, Wachina na wengine, lakini kusini mwa Sahara haikuleta hata mmoja.

Anayetaka kuona nyanja ikichezwa ipasavyo amtazame Jester, mhusika wa Laura Bailey katika kipindi cha Critical Role, 2020, mbele ya mchawi mzee Isharnai. Kuhani wa Ujanja, akiwa na keki yenye unga wa kudhoofisha akili, kisha dua ya Kubadili Kumbukumbu, ambayo kwa kuhani ilitoka kwenye nyanja yake ya Ujanja. Laana ya mchawi huyo iliondoka bila pigo hata moja. Pale mungu, tabia na kanuni vilikuwa kitu kimoja, na ndiyo maana watu bado wanalizungumzia pambano ambalo halikupiganwa.

Wengine mezani sina la kuwalaumu: ramani ya mwendesha mchezo ilikuwa safi, na mpiganaji wetu aliushika ukingo kishujaa.

Kwa mwenzetu nina ombi. Kitabu hakitoi njia ya kubadili nyanja katikati ya safari, lakini meza inaweza kukubaliana, na tuna sababu ndani ya hadithi: kuhani aliyeona kundi lake likirudishwa nyuma huku radi zikipiga juu ya kichwa chake ana haki ya kwenda mlimani na mawe yake na kuuliza upya. Mwendesha mchezo amruhusu kabla ya kikao kijacho, naye arudi na Tufani. Badala ya mponyaji tutanunua dawa za chupa.