Na Nani? Kauli ya Kutendwa na Mtenda Aliyefichwa katika Matini za Hali ya Hatari

Utangulizi

Kanja ni soko la Embu lililoko kwenye miteremko ya Mlima Kenya, katika nchi ya chai na kahawa. Mwanafunzi anayesoma huko, sawa na mwenzake wa Mombasa au Kisumu, hukutana na kauli ya kutendwa ya Kiingereza kwanza kama zoezi. Hupewa sentensi na kuagizwa aigeuze. Yambwa huletwa mbele ikawa kiima, kitenzi "be" huingizwa katika wakati uleule wa sentensi ya awali, kitenzi kikuu huwekwa katika umbo lake la tatu, na kiima cha zamani husukumwa hadi mwisho, nyuma ya neno "by". Hatimaye huongezwa kanuni moja fupi, kwamba kirai hicho cha "by" kinaweza kuachwa bila kuharibu sentensi. Mwanafunzi akizifuata hatua hizi hupata alama zake, na huondoka akiamini kuwa sentensi zote mbili zina maana moja.

Makala haya yanahoji imani hiyo. Hata hivyo, hayakusudii kuungana na kambi ya pili, ile iliyopata msemaji wake mashuhuri katika George Orwell. Katika insha yake ya mwaka 1946 kuhusu siasa na lugha ya Kiingereza, Orwell alishauri kwamba kauli ya kutendwa isitumiwe kamwe pale ambapo kauli ya kutenda inawezekana. Kambi ya kwanza inaichukulia kauli hii kama mageuzi yasiyo na athari, na ya pili inaichukulia kama chombo cha wenye kuficha. Matini zilizozaliwa na Hali ya Hatari nchini Kenya, iliyotangazwa Oktoba 1952 na kuondolewa Januari 1960, zinaonyesha kuwa zote mbili zimekosea. Embu na Meru zilikuwa ndani ya eneo la vita hivyo, na kwa hiyo suala hili haliko mbali na darasa la Kanja.

Umbo na Maana

Kiswahili hakihitaji kitenzi kisaidizi ili kuunda kauli ya kutendwa. Kiambishi -w- hutosha: piga huwa pigwa, choma huwa chomwa. Vitenzi vinavyoishia kwa irabu mbili huchukua -liw- au -lew-, kama katika chukuliwa na ondolewa, na vile vyenye asili ya Kiarabu huchukua -iw- au -ew-, kama katika jibiwa na samehewa. Mtenda akitajwa, hutanguliwa na "na". Kikuyu na Kiembu, zilizo lugha za Kibantu pia, hutumia "nĩ" mahali hapo, chembe ambayo kwa umbo haitofautiani na ile inayotumika kutilia mkazo katika sentensi za lugha hizo.

Pamoja na hayo, Kiswahili kina kauli ya kutendeka, na pia vitenzi visivyo elekezi ambavyo hujitosheleza. Tofauti kati ya ngazi hizi ndiyo kiini cha hoja ya makala haya. Tuseme sentensi ni hizi tatu: "Askari walichoma nyumba", "Nyumba ilichomwa", "Nyumba iliungua". Ya kwanza inamtaja mtenda. Ya pili haimtaji, lakini inakiri kuwa yupo, kwa sababu hakuna kuchomwa pasipo mchomaji. Kwa hiyo msikilizaji ana haki ya kuuliza, "Na nani?", na sentensi yenyewe ndiyo iliyompa haki hiyo. Ya tatu haikiri lolote. Anayeuliza "na nani?" baada ya "iliungua" ameleta swali lake kutoka nje, na anaweza kujibiwa kuwa huenda ni jiko lililoachwa na makaa.

Basi kauli ya kutendwa isiyotaja mtenda ni mlango uliorudishwa bila kufungwa. Kufuli liko kwenye kitenzi kisicho elekezi, nacho kwa umbo ni cha kauli ya kutenda. Kanuni ya Orwell inaulinda mlango wa kwanza na kuusahau wa pili.

Methali nazo zinathibitisha kuwa kauli hii haina uadui wa asili na mtenda. "Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu" ina vitenzi viwili vya kutendwa na watenda wawili, na nguvu yake yote iko katika kupishana kwa watenda hao. "Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka" haiwezi kusimama akiondolewa nyoka. Katika methali hizi kauli ya kutendwa imechaguliwa ili mtenda afike mwishoni, mahali panapobaki masikioni.

Matini ya Kwanza: Hola, 1959

Tarehe 3 Machi 1959, katika kambi ya Hola karibu na Mto Tana, watu waliokuwa kizuizini walitolewa kwenda kufanya kazi kwa nguvu. Walipigwa na askari wa kambi, na 11 kati yao wakafa. Taarifa ya kwanza ya serikali ya koloni ilieleza kwamba vifo vilitokea baada ya watu hao kunywa maji kutoka katika gari la maji lililotumiwa na wafanyakazi wote pamoja na walinzi wao. Uchunguzi wa hakimu ulionyesha baadaye kuwa vifo hivyo vilitokana na mshtuko na kuvuja damu kufuatia majeraha ya kipigo.

Mhakiki akiitazama taarifa hiyo kwa jicho la sarufi atagundua jambo la kushangaza. Palipo na uongo hapana kauli ya kutendwa. Vifo "vilitokea": kitenzi kisicho elekezi. Watu "walikunywa" maji: kauli ya kutenda, na watenda wake ni marehemu wenyewe. Kauli ya kutendwa imeachiwa gari la maji, nalo limepewa mtenda wake kikamilifu, yaani wafanyakazi na walinzi, ili ionekane kuwa wote walishiriki hali moja. Mwandishi wa taarifa hiyo angeweza kufaulu mtihani wa Orwell. Kama angeandika kwa kauli ya kutendwa kwamba watu 11 "waliuawa", hata bila kumtaja mwuaji, angelazimika kukabili swali lile la maneno mawili siku hiyohiyo.

Kiswahili kina umbo jingine linalostahili kutajwa hapa. Mke wa marehemu "hufiwa na mumewe". Kitenzi kufa, ambacho si elekezi, hupewa kiambishi cha kutendea na kisha cha kutendwa, na nyuma ya "na" husimama marehemu. Kiingereza cha darasani hakina njia ya kulinganisha na hii. Wajane wa Hola walifiwa na waume zao, na sentensi hiyo ni kweli tupu. Lakini mahali pa mtenda pameshikwa na maiti, na mwenye rungu hana nafasi tena. Ni sentensi ya msiba, inayofaa matangani; ikihamishiwa katika ripoti ya uchunguzi, huwa imemaliza kesi kabla haijaanza.

Matini ya Pili: London, 2013 na Nairobi, 2023

Mwaka 2009 wazee kadhaa wa Kenya waliishtaki serikali ya Uingereza mjini London. Miongoni mwao walikuwa Wambugu wa Nyingi, aliyenusurika Hola, na Jane Muthoni Mara, aliyeteswa katika kambi ya Gatithi, iliyokuwa wakati wa ukoloni katika wilaya ya Embu. Baada ya hukumu za mahakama za mwaka 2011 na 2012 kuwaruhusu kuendelea na kesi, serikali hiyo ilikubali kulipa takriban pauni milioni 19.9 kwa watu 5,228. Tarehe 6 Juni 2013 waziri wa mambo ya nje, William Hague, alisoma tamko bungeni.

Tamko hilo lilikuwa hatua kubwa, na haki yake lipewe. Lilitambua mateso na kuyahusisha na utawala wa kikoloni. Lakini mpangilio wa viima vyake unafundisha. Nafsi ya kwanza wingi, "sisi", inaonekana katika kuelewa uchungu wa waathiriwa. Inaonekana tena katika kuendelea kukana dhamana ya kisheria. Mateso yenyewe hayana "sisi". Wakenya, kwa Kiingereza cha tamko hilo, "were subject to" mateso: neno "subject" hapo ni kivumishi, si kitenzi cha kutendwa, kana kwamba kuteswa ni hali ya mtu na si tendo alilofanyiwa. Mtenda yumo, lakini ni "mikono" ya utawala uliokwisha kufa. Na dhuluma zinazojutiwa "took place", yaani zilitukia, kama mvua ya masika inavyotukia.

Mwenye kulitafsiri tamko hilo kwa Kiswahili fasaha huingia katika mtego wa heri. Kiswahili hakimpi kivumishi cha kujifichia, atasema "waliteswa". Mara tu anapoandika -w- hiyo, swali limefunguliwa. Lugha inayotafsiri imesema zaidi ya lugha inayotafsiriwa.

Miaka 10 baadaye, usiku wa tarehe 31 Oktoba 2023, Mfalme Charles III alikiri mjini Nairobi kwamba vitendo vya ukatili visivyo na udhuru vilitendwa dhidi ya Wakenya walipokuwa wakipigania uhuru wao. Hapa kauli ya kutendwa ipo waziwazi, na kirai cha "by" hakipo. Kwa kipimo cha makala haya, sentensi hiyo ni ya wazi kuliko ile ya 1959, kwa maana inakiri tendo. Lakini inatumia ruhusa ileile anayopewa mwanafunzi wa Kanja, kwamba mtenda anaweza kuachwa.

Matini ya Tatu: Riwaya na Ushuhuda

Ngũgĩ wa Thiong'o (1938–2025) aliandika A Grain of Wheat mwaka 1967, na kambi ya Rira katika riwaya hiyo inakumbusha Hola. Riwaya nzima inaweza kusomwa kama sentensi moja ya kutendwa inayotafuta mwisho wake: Kihika alisalitiwa. Kijiji kizima kinajua kitenzi na kinajua mtendwa. Kinachokosekana ni kirai kimoja. Wanakijiji wanakijaza kwa jina la Karanja, kwa kuwa alishirikiana na wakoloni, na Mugo wanampa heshima ya shujaa. Siku ya sherehe za uhuru Mugo mwenyewe anasimama hadharani na kuikamilisha sentensi. Thamani ya tukio hilo iko katika jambo ambalo tamko la serikali haliwezi kulifanya: mtenda anajitaja kwa nafsi ya kwanza umoja.

Riwaya hiyo inaonya pia dhidi ya pupa. Kirai kilichojazwa kwa jina lisilo lake ni kibaya kuliko kilichoachwa wazi. Onyo hili lina uzito katika ushuhuda wa watu wa kawaida. Wakati wa msako, waliokamatwa walipitishwa mbele ya mtu aliyefunikwa gunia lenye matundu ya macho, maarufu kwa jina la gakunia, naye akaonyesha kwa ishara nani ni Mau Mau. Aliyeponzwa na ishara hiyo akisema "nilitajwa", bila kusema na nani, hafichi kitu. Kauli ya kutendwa pasipo mtenda ndiyo sentensi ya kweli kuliko zote anazoweza kutoa, maana gunia lilishonwa ili mtenda asijulikane.

Vivyo hivyo "tulihamishwa". Kuanzia mwaka 1954 zaidi ya watu milioni 1 waliingizwa kwa nguvu katika vijiji zaidi ya 800 vilivyozungukwa na ulinzi, Embu na Meru zikiwemo. Amri ilitoka Nairobi, lakini aliyesimama mlangoni mara nyingi alikuwa mlinzi wa eneo hilohilo, jirani au jamaa. Uhuru ulipokuja, watu hao waliendelea kuteka maji kwenye mto mmoja na kuoana. Kutomtaja mtenda katika mazungumzo ya nyumbani kulikuwa njia ya kuishi pamoja. Kimya cha jirani na kimya cha serikali vina umbo moja la kisarufi, lakini havina hadhi moja. Cha kwanza kimechaguliwa na aliyeumizwa, na cha pili kimechaguliwa na aliyeumiza. Uhakiki usiouliza nani ameliacha jina, na kwa faida ya nani, hauwezi kuvitofautisha.

Hitimisho

Matini zilizochunguzwa zinaonyesha mambo matatu. Kwanza, kauli ya kutendwa si mageuzi matupu. Huamua nani awe mbele ya macho ya msomaji, na ndiyo maana waathiriwa wanaihitaji: "nilipigwa" humweka aliyepigwa katika kiima, mahali alipostahili kuwa tangu mwanzo. Pili, kauli hiyo si chombo kikuu cha uficho, kwa kuwa daima hubeba kivuli cha mtenda; wenye kuficha kwa ustadi hukimbilia vitenzi visivyo elekezi na vivumishi. Tatu, kuachwa kwa mtenda hakuna hukumu moja, bali hupimwa kwa nafasi ya msemaji.

Kwa hiyo zoezi la darasani halihitaji kufutwa. Linahitaji hatua moja zaidi baada ya ile ya mwisho. Mwanafunzi anapoambiwa kuwa kirai cha "by" kinaweza kuachwa, na aulizwe: kinapoachwa, nani anabaki bila jina, na nani aliyetaka abaki hivyo? Kwa mwanafunzi wa Kanja, ambaye huenda bibi yake alihamishwa, swali hilo si la sarufi ya Kiingereza peke yake.