Nchi Inayosema: Kusadikika, Walenisi na Madai ya Piny Owacho

Utangulizi

Uhakiki wa riwaya za Kiswahili zinazosawiri nchi za kubuni umekwisha kuzoea maswali mawili. La kwanza ni hili: nchi hiyo ni fumbo la nchi gani? La pili: je, mtunzi anaamini kwamba nchi anayoitamani yaweza kupatikana? Kwa mujibu wa maswali hayo, Kusadikika (1951) ya Shaaban Robert imesomwa kama fumbo la Tanganyika chini ya Waingereza, na Walenisi (1995) ya Katama Mkangi kama njozi ya usawa. Makala haya hayakusudii kuyabatilisha masomo hayo. Yanakusudia kuuliza swali la tatu, ambalo ndilo swali la katiba: katika nchi iliyobuniwa, nani ana haki ya kusema, na akisema, ni nani anayelazimika kumsikiliza?

Ili kulijibu swali hilo tutaziweka riwaya hizo mbili kando ya matini isiyo riwaya. Mnamo Desemba 1921, katika mkutano uliofanyika Lundha, Gem, walimu na vijana wengine waliosomeshwa katika shule za misheni, ikiwemo Maseno, waliunda Young Kavirondo Association. Rais wake alikuwa Jonathan Okwiri. Wananchi hawakukiita chama hicho kwa jina la Kiingereza. Walikiita Piny Owacho, yaani ‘nchi imesema’. Madai yake yaliwasilishwa kwa Gavana Northey huko Nyahera, karibu na Kisumu, mwaka 1922.

Karama na utetezi usio na sheria

Kosa analoshtakiwa Karama na Waziri Majivuno ni la ajabu: anataka kuanzisha elimu ya uanasheria. Hakuiba wala hakuua. Ametaka tu wawepo watu wenye ujuzi wa kumtetea mshtakiwa. Hapa ndipo penye ustadi wa Shaaban Robert ambao haujapewa uzito unaostahili. Karama hana kifungu cha kutegemea, maana nchi inayomshtaki kwa kutaka utetezi haiwezi kuwa na sheria ya utetezi. Kwa hiyo anasimulia. Kwa siku sita analieleza baraza habari za wajumbe sita waliotumwa nje kuitafutia nchi manufaa, wakarudi na mapendekezo, wakaishia gerezani. Kila kisa kinachukua nafasi ya kumbukumbu ya kesi iliyotangulia. Hadithi inafanya kazi ya sheria mahali ambapo sheria imenyimwa.

Hata hivyo, mwisho wa riwaya una udhaifu wa kikatiba. Karama anaachiliwa na wajumbe wanafunguliwa, lakini wanafunguliwa kwa sababu mfalme ameridhika. Kusadikika inapata mfalme msikivu. Haipati mfalme anayelazimika kusikia. Jina lenyewe linadokeza hivyo. Kitenzi kiko katika kauli ya kutendeka, ambayo huficha mtenda: nchi inasadikika, lakini anayeisadiki hatajwi. Ni haki zilizopo bila mwenye kuzidai.

Walenisi na usawa usio na mahakama

Mkangi anaanzia pale Shaaban Robert alipoishia. Dzombo naye ni mshtakiwa, lakini kwake hakuna mfalme wa kushawishika. Amehukumiwa kifo, na chombo kilichokusudiwa kumwangamiza ndicho kinachomfikisha Walenisi, nchi ambamo unyonyaji umekoma. Jina likitenganishwa linakuwa sentensi: wale ni sisi. Hapa mtenda hajafichwa, amefutwa. ‘Ni’ ni kitambulishi, na kitambulishi hakielezi tendo. Ikiwa wale ni sisi, basi hapana wa kumshtaki wala wa kutetewa.

Nguvu ya riwaya hii ni kwamba inakataa kuigawa haki kama hisani. Haki ya mwananchi wa Walenisi haitoki kwa mtu. Inatoka katika jinsi mali na kazi zilivyopangwa. Tatizo ni kwamba msomaji aliyemwona Dzombo akihukumiwa ana haki ya kuuliza: siku Dzombo mwingine atakapotofautiana na wenziwe huko Walenisi, atasimama wapi? Matini inajibu kwa kudokeza kwamba siku hiyo haitafika. Jibu hilo laweza kumtosha mwanafalsafa. Halimtoshi mtu anayetunga katiba.

Piny Owacho: sentensi yenye kiima

Sasa tuyatazame madai ya 1922. Yalitaka kipande kiondolewe, kodi ipunguzwe, kambi za kazi zifungwe na watu wapewe hati za kumiliki ardhi. Yalitaka Nyanza iwe na baraza lake la kutunga sheria na rais wake. Yalitaka pia Kenya, iliyogeuzwa koloni mwaka 1920, irudishwe katika hali ya himaya. Nchi iliyoelezwa humo haikuwepo mahali popote. Kwa maana hiyo ni nchi ya kubuni sawasawa na Kusadikika, ila wabunifu wake waliipeleka mbele ya gavana.

Tofauti kubwa imo katika sarufi. ‘Piny’ ni kiima, ‘owacho’ ni kitenzi cha kutenda. Nchi haisadikiki tu, wala hailinganishwi na kitu kingine, inasema. Na inayesema naye, Gavana, anajulikana kwa jina na cheo.

Haitufai, hata hivyo, kuipamba matini hii kupita kiasi. Iliyosema kwa jina la nchi ni sauti ya wanaume wachache waliojua kusoma na kuandika. Wanawake wanatajwa kama watu wa kuondolewa mzigo wa kodi, si kama wasemaji. Na kiima chenyewe hakikudumu. Mwaka 1923, chini ya Archdeacon Owen, chama kilibadilishwa kikawa Kavirondo Taxpayers' Welfare Association. Nchi iliyokuwa imesema ikageuka kuwa walipa kodi wanaotafutiwa ustawi. Mabadiliko ya jina yalikuwa mabadiliko ya katiba.

Hitimisho

Katiba ya Kenya iliyopitishwa kwa kura ya maoni tarehe 4 Agosti 2010 yaweza kusomwa kama jibu kwa matini zote tatu. Ibara ya 1 inaweka mamlaka kuu mikononi mwa wananchi. Ibara ya 37 inalinda haki ya kukusanyika na kuandamana. Ibara ya 22 inamruhusu mtu kwenda mahakamani haki yake inapovunjwa, na hata kwenda kwa niaba ya mwingine asiyeweza kwenda mwenyewe. Hilo la mwisho ndilo hasa aliloshtakiwa Karama kwa kulitaka.

Lakini msomaji wa Kisumu hawezi kuishia hapo. Tarehe 25 Oktoba 1969, siku Rais Kenyatta alipokuja kufungua hospitali mjini humo, watu walipigwa risasi na kufa. Katiba ya uhuru, yenye sura yake ya haki, ilikuwepo. Mnamo Agosti 2017, baada ya uchaguzi, watu waliuawa tena mjini humo. Ibara ya 37 ilikuwepo. Haki iliyoandikwa katika kauli ya kutendeka, isiyosema ni nani atakayewajibika, hubaki angani pamoja na Kusadikika.

Ndiyo maana tunapendekeza riwaya hizi zisifundishwe kama njozi pekee. Zifundishwe kama rasimu, na mwanafunzi aulizwe juu ya kila haki anayoikuta humo: nani anaidai, kwa nani, na itakuwaje akinyimwa? Walimu wa Lundha walijua swali hilo zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Walipokutana na gavana hawakumwambia kwamba nchi inafikirika. Walimwambia imesema, wakangoja jibu.