Asichokibadilisha Msimulizi wa Pili: Mtindo wa Riwaya katika Mazungumzo ya Wasomaji wa Thika na Ruiru

1.0 Utangulizi

Makala haya yanachunguza namna mtindo wa riwaya unavyopimwa katika mazungumzo ya kawaida ya wasomaji, hasa wale wa miji ya Thika na Ruiru katika Kaunti ya Kiambu. Mazungumzo ya kawaida yanayokusudiwa hapa ni yale yasiyo na mwenyekiti wala maswali ya mtihani: ya abiria katika matatu, ya wafanyakazi wakati wa chakula cha mchana, ya wanafunzi wanaorejea bwenini, na ya watu wazima wanaokumbushana vitabu vya zamani na kushindania ni mwandishi gani aliye bora.

Wahakiki wamekuwa na desturi ya kuyapuuza mazungumzo hayo. Hudaiwa kwamba msomaji wa kawaida huzungumzia hadithi tu, yaani nani alimfanya nani nini, na kwamba suala la mtindo ni la darasani. Makala haya yanalipinga dai hilo. Msomaji anapomsimulia mwenziwe riwaya aipendayo, hubadilisha mengi: hufupisha, huruka sura nzima, hutafsiri kwa lugha nyingine. Hata hivyo, yako mambo asiyokubali kuyabadilisha kwa kuwa anahisi kwamba akiyagusa, riwaya haitakuwa ile ile tena. Hoja ya makala haya ni kwamba mambo hayo, yale asiyoyabadilisha msimulizi wa pili, ndiyo kiini cha mtindo, na kwamba uhakiki wetu una la kujifunza hapo.

2.0 Barabara na wasomaji wake

Miji hii miwili imo katika barabara moja. Kutoka Nairobi hadi Thika ni yapata kilomita 40, na katikati yake ziko Githurai, Kahawa, Ruiru na Juja. Ruiru ilizungukwa kwa miaka mingi na mashamba ya kahawa, na jina lake limebaki katika aina ya mbuni iitwayo Ruiru 11, iliyotolewa kwa wakulima mwaka 1985. Thika ni mji wa viwanda na wa mashamba ya mananasi. Baada ya barabara kupanuliwa na kukamilika mwaka 2012, mashamba mengi yaligeuzwa viwanja vya nyumba za kupanga, na wakazi wengi wa miji hii ni watu wa kwenda Nairobi asubuhi na kurudi jioni. Chuo Kikuu cha Kenyatta kimo katika barabara hiyo, na cha Jomo Kenyatta kiko Juja. Kwa hiyo mhadhiri, mwanafunzi, fundi na mchuuzi huweza kuketi kiti kimoja.

Katika fasihi ya dunia, Thika ilitajika kwa kitabu cha Elspeth Huxley, *The Flame Trees of Thika* (1959), ambacho ni kumbukumbu za utotoni za binti wa mlowezi. Humo wenyeji wa Thika ni watu wa kuzungumziwa. Mazungumzo ya wasomaji yanaugeuza uhusiano huo, kwani wale waliokuwa wakisimuliwa ndio sasa wanaosimulia na kutoa hukumu.

Yafaa kukumbusha hapa kwamba nadharia za upokezi, tangu mhadhara wa Hans Robert Jauss wa mwaka 1967 mjini Konstanz hadi kazi za Wolfgang Iser na Stanley Fish, zilimrudishia msomaji hadhi yake. Msomaji huyo, lakini, ni mtu aliye peke yake na ukurasa wake, kimya. Hata zile jumuiya za wafasiri alizozieleza Fish mwaka 1980 huonekana zaidi katika darasa kuliko katika kilinge. Msomaji wa barabara ya Thika si mmoja. Ni wawili, aliyesoma na anayesimuliwa. Huyu wa pili huenda asikisome kitabu kamwe, lakini atakuwa na msimamo juu yake. Nadharia isiyomhesabu huyu wa pili inaiacha nje sehemu kubwa ya maisha ya riwaya katika Afrika ya Mashariki.

3.0 Riwaya inayomtarajia msimulizi wa pili

Mfano ulio wazi zaidi ni *Caitaani Mũtharaba-inĩ* ya Ngũgĩ wa Thiong'o. Riwaya hiyo iliandikwa katika gereza la Kamiti, mahali pasipo mbali na Ruiru, wakati mwandishi alipokuwa kizuizini bila kushtakiwa kuanzia mwisho wa Desemba 1977 hadi Desemba 1978. Iliandikwa juu ya karatasi za msalani. Ilichapishwa kwa Kigĩkũyũ mwaka 1980, na tafsiri ya Kiswahili, *Shetani Msalabani*, ikatoka mwaka 1982.

Katika *Decolonising the Mind* (1986), Ngũgĩ anaeleza jinsi kitabu hicho kilivyopokewa. Familia zilikusanyika mmoja akasoma na wengine wakasikiliza. Wafanyakazi walisomeana mapumzikoni. Kilisomwa katika matatu na katika vilabu vya pombe. Msomaji wa kilabuni alipofika mahali patamu na kuona kwamba bilauri yake ni tupu, alikiweka kitabu chini mpaka wasikilizaji wamjazie. Kisa hicho hurudiwa kama kichekesho, lakini kina maana ya kihakiki. Msomaji yule alikuwa akipima mtindo. Alijua hasa mahali pa kukata, na asingejua kama muundo wa riwaya usingempa mahali hapo.

Tazama jinsi riwaya yenyewe ilivyojengwa. Msimulizi wake ni mpigaji gĩcaandĩ, ambaye naye ameombwa awasimulie watu habari za Wariinga. Wariinga mwenyewe anaposimulia maisha yake huyatia katika kisa cha msichana aitwaye Kareendi, jina ambalo laweza kuwa la msichana yeyote. Kisha abiria wasiojuana wanapanda matatu ya Mwaũra kwenda Ilmorog, na njiani kila mmoja anatoa yake. Katika pango la Ilmorog, wezi na wanyang'anyi wanashindana kwa majigambo, kila mmoja akijisifia ujuzi wake wa kunyonya. Kwa ufupi, kila kisa kimekwisha kupita kinywani mwa mtu kabla ya kumfikia msomaji.

Ndiyo maana anayeisimulia upya anaweza kuacha mengi na bado asiiharibu. Anaweza kuyasahau majina ya wezi, na anaweza kuuchanganya mpangilio wao. Asichoweza kukibadilisha ni majigambo. Akisema tu kwamba matajiri wale walikuwa wabaya, msikilizaji ataona kwamba hajasimuliwa kitu. Sharti mwizi ajisifu kwa kinywa chake mwenyewe. Katika ung'ang'anizi huo wa msimulizi, utanzu wa majigambo, ambao darasani ungeorodheshwa chini ya kipengele cha fani, unaonekana kuwa ndio unaobeba hukumu ya riwaya nzima. Mgawanyo wa fani na maudhui, tuliouzoea katika uhakiki wa Kiswahili, unapoteza nguvu zake hapo.

*Matigari* (1986) inalipeleka jambo hili mbali zaidi. Katika maneno yake ya mwanzo mwandishi anamhutubia msomaji ambaye pia ni msikilizaji, na anamwachia achague mwenyewe mahali na wakati wa kisa. Wasomaji walifanya hivyo. Kwa maelezo ya Ngũgĩ mwenyewe, mwanzoni mwa mwaka 1987 zilienea habari katika Kenya ya kati kwamba kuna mtu aitwaye Matigari anayezunguka akidai ukweli na haki. Ikatolewa amri akamatwe. Ilipogunduliwa kwamba ni mhusika wa riwaya, vitabu vyenyewe vikakamatwa madukani mwezi Februari mwaka huo. Mazungumzo ya wasomaji yalikuwa yamembadilishia Matigari mazingira yote, lakini swali lake la ukweli na haki liko wapi lilibaki kama lilivyo. Serikali ililitambua swali hilo. Ni wahakiki wachache waliowahi kusomwa kwa makini kiasi hicho.

4.0 Riwaya ya Kiswahili katika barabara hiyo hiyo

Swali linalofuata ni gumu zaidi kwa idara zetu. Riwaya ya Kiswahili ina nafasi gani katika mazungumzo haya? Ukweli ni kwamba wasomaji wengi wa Thika na Ruiru waliikuta kwanza kama kitabu cha mtihani. *Utengano* (1980) ya Said Ahmed Mohamed, *Siku Njema* (1996) na *Kidagaa Kimemwozea* (2012) za Ken Walibora zote ziliwahi kuteuliwa kusomwa katika shule za upili za Kenya. Uteuzi huo uliwapa wasomaji wengi kitabu kimoja cha kuzungumzia, na hiyo ni neema. Lakini uliwapa pia lugha ya kukizungumzia ambayo haitumiki nje ya darasa. Mwanafunzi hufunzwa kuhesabu tashbihi, takriri na methali. Akitoka chumba cha mtihani hukosa pa kuzipeleka hesabu hizo. Akiulizwa njiani kwa nini alikipenda kitabu, hujibu kwamba ni kitamu, kisha huanza kusimulia. Mwalimu huhuzunika. Pengine angefaa kuusikiliza usimulizi huo kwanza.

Chukua *Siku Njema*. Kongowea anasimulia kwa nafsi ya kwanza safari ya kutoka Tanga hadi Kenya, akimtafuta baba asiyemjua. Kisa hicho hupita kwa urahisi kutoka lugha hadi lugha, na katika barabara ya Thika mara nyingi hupita kwa Kigĩkũyũ kilichochanganywa na Kiswahili na Kiingereza. Katika uchanganyaji huo, methali za Kongowea mara nyingi huachwa katika Kiswahili. Msimulizi anayebadilisha lugha nzima ya riwaya anasita mbele ya methali. Kusita huko ni uamuzi wa kimtindo. Kunaonyesha kwamba methali kwa Kongowea si pambo la usemi. Ndiyo mali pekee aliyo nayo yatima huyu, na ubingwa wake wa Kiswahili ndio uliompa hata jina la Kongowea Mswahili. Mhakiki anayeziorodhesha methali hizo bila kusema ni za nani anakosa jambo ambalo msimulizi wa matatu amelihisi.

*Utengano* huenda njia nyingine. Lahaja na picha za Said Ahmed Mohamed, ambazo wanazuoni huzisifu kwa haki, hupotea karibu zote katika usimulizi wa bara. Kinachobaki ni Maimuna, binti aliyefungiwa nyumbani na baba yake, Maksuudi, na akatoroka. Huzungumziwa kama jirani: watu hugawanyika kama alikosa au alikosewa. Ubishi huo nao unatokana na mtindo, kwa kuwa mwandishi hakumpa msomaji msimulizi wa kumhukumu Maimuna kwa niaba yake. Msimulizi wa pili akijaribu kutoa hukumu ya mwisho, wasikilizaji hawamwachii.

Ulinganisho na *My Life in Crime* (1984) ya John Kiriamiti unafaa hapa, kwa kuwa kitabu hicho, kilichoandikwa gerezani kwa Kiingereza, kimependwa mno na wasomaji wa eneo hili bila msaada wa mtihani. Jambo lisilobadilishwa humo ni "mimi" ya jambazi. Hakuna asimuliaye kwamba Jack Zollo aliiba benki. Husimuliwa jinsi Zollo *anavyosema* aliiba. Kongowea na Zollo hawafanani kwa maadili, lakini msimulizi wa pili amewaweka pamoja, na si kwa makosa.

5.0 Mipaka ya kipimo hiki

Haifai kukifanya kipimo hiki kuwa sheria. Iko riwaya isiyosimulika, na bado ni kubwa. *Nagona* (1990) na *Mzingile* (1991) za Euphrase Kezilahabi hazina kisa cha kubebwa kutoka Ruiru hadi Thika. Anayejaribu kuzisimulia hukwama mara moja, na jibu la kawaida ni kwamba kitabu hicho hakieleweki. Kama tungefuata masimulizi peke yake, tungemweka Kezilahabi wa *Rosa Mistika* (1971) juu, na kumtupa Kezilahabi wa miaka ya 1990.

Kukwama huko nako, hata hivyo, ni taarifa. Msomaji wa *Nagona* hana sehemu ya kubadilisha kwa sababu kila sehemu inakataa kubadilishwa. Kwa maneno ya hoja yetu, riwaya hiyo ni mtindo mtupu, na msimulizi wa pili hana pa kuingilia. Hapo ndipo kazi ya mhakiki aliyefunzwa inapoanza kwa haki: kumsaidia msomaji kwa kitabu ambacho mazungumzo peke yake hayakifungui. Makosa ya uhakiki wetu yamekuwa kudhani kwamba kila riwaya inahitaji msaada huo, na kuvitia pingu za istilahi hata vitabu vilivyokuwa vikitembea vyenyewe.

Lipo pia tatizo la woga. Mazungumzo ya kawaida hupenda kukubaliana na aliye na sauti kubwa, na mwandishi aliyefariki husifiwa zaidi. Baada ya kifo cha Walibora mwezi Aprili 2020, na cha Ngũgĩ mwezi Mei 2025, sifa zilizidi uchambuzi, hata vyuoni. Msimulizi wa pili anaweza kuhifadhi mtindo; hawezi daima kuukosoa.

6.0 Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba mazungumzo ya wasomaji kuhusu riwaya wazipendazo yana kipimo chake cha mtindo, ingawa hayana istilahi. Majigambo ya pango la Ilmorog, swali la Matigari, methali za Kongowea, ukimya wa mwandishi juu ya hatia ya Maimuna na "mimi" ya Zollo ni vipengele ambavyo msimulizi wa pili huvilinda huku akiyaacha mengine yaende. Mhakiki anaweza kuvifikia kwa njia yake mwenyewe, lakini mara nyingi hachagui kati yavyo na vingine. Huviweka vyote katika orodha moja. Msimulizi wa pili analazimika kuchagua, kwa sababu matatu itafika na msikilizaji atashuka.

Kwa idara za Kiswahili zilizo kando ya barabara hiyo, pendekezo linalotokana na makala haya ni la kiasi. Kabla ya kumtaka mwanafunzi aorodheshe mbinu za mwandishi, na aombwe kwanza amsimulie riwaya mtu ambaye hajaisoma, kisha aeleze ni nini alichokataa kukibadilisha, na kwa nini. Jibu la swali hilo la pili litakuwa mwanzo wa uhakiki.